Shajara ya mradi wa uzi wa buibui: ushanga, leza na matone ya maji

Wiki ya kwanza

Mradi huu ulizaliwa na ubishi. Katika klabu ya sayansi ya shule yetu, hapa Tanga, mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliandika ubaoni kwamba uzi wa buibui una nguvu kuliko chuma cha pua, na mwenzake, ambaye kila alasiri huenda madrasa, akanyoosha mkono na kuuliza: "Mwalimu, mbona sisi tumesoma kwamba nyumba iliyo dhaifu kupita zote ni ya buibui?" Nilimjibu kwamba aya ya 41 ya Sura Al-Ankabut inataja nyumba, nasi tunazungumzia uzi, na kwamba kiumbe anaweza kumiliki uzi imara na bado akaishi katika nyumba isiyomkinga jua wala mvua. Jibu hilo lilimtosha yeye, lakini halikunitosha mimi, kwa sababu ile kauli ya ubaoni ndiyo iliyokuwa na kasoro.

Takwimu zinazorejelewa sana ni hizi. Uzi wa kujining'inizia wa buibui wa bustani wa Ulaya, Araneus diadematus, hukatika kwa mkazo (nguvu inayouvuta, ikigawanywa kwa eneo la mkato wake) wa takribani gigapaskali 1.1, chuma cha pua cha daraja la juu hufikia 1.5, na Kevlar, uzi wa viwandani wa fulana za kuzuia risasi, 3.6. Kwa unene ule ule, basi, chuma kinaushinda uzi. Uzi unashinda pale tu tunapolinganisha kwa uzito, kwa kuwa sentimita moja ya ujazo ya hariri ina gramu 1.3 hivi ilhali ile ya chuma ina gramu 7.8. Kinachoutofautisha uzi huu na vitu vingine ni kwamba hunyumbuka zaidi ya robo ya urefu wake kabla ya kukatika, na kwa hiyo humeza nishati nyingi mno: megajuli 160 kwa kila mita ya ujazo, dhidi ya 50 za Kevlar na 6 za chuma. Sifa hiyo ya kumeza nishati nitaiita ushupavu katika shajara hii yote, ili isichanganywe na nguvu. Swali la mradi likawa: protini iliyoundwa kwa sehemu kubwa na asidi amino (vijenzi vya protini) mbili ndogo kabisa huupata wapi ushupavu huo?

Wiki ya pili

Tumempata jike mmoja kwenye utando uliotandazwa kati ya mwembe na nguzo ya umeme nyuma ya bweni. Ni wa jenasi Trichonephila, wale wakubwa wenye utando wa rangi ya dhahabu, ambao hadi mwaka 2019 wengi wao walihesabiwa kuwa Nephila. Mizani ya maabara ilisoma gramu 1.3. Dume lake, aliyekuwa amejibanza pembeni mwa utando, hakuipeleka mizani popote.

Kuvuta uzi ni kazi ya subira. Tulimlaza jike chali juu ya sponji, tukamfunika kwa kipande cha chandarua, na pini zikashika chandarua bila kugusa mwili. Kwa brashi laini tuligusa vichuchu vya uzi vilivyo mwisho wa tumbo lake, tukavuta, na uzi ukafuata. Ncha yake tuliinatisha kwenye bobini ya cherehani iliyozungushwa na mota ya redio kaseti ya zamani, kwa mwendo wa sentimita mbili hivi kwa sekunde. Mwendo si jambo dogo: uzi uliovutwa kwa kasi huwa mgumu kuliko uliovutwa polepole, na haunyumbuki sana kama huo. Mara mbili alifaulu kuchomoa mguu mmoja wa nyuma, akaushika uzi kwa kucha na kuukata, kisha akatulia kama asiyehusika. Baada ya dakika 40 tulimrudisha kwenye nguzo yake.

Walioifanya kazi hii kwa wingi ni majirani zetu ng'ambo ya bahari, Madagaska. Huko Simon Peers na Nicholas Godley, wakifufua kifaa kilichobuniwa kisiwani humo mwishoni mwa karne ya 19 cha kuwashika buibui 24 kwa pamoja, walikusanya uzi wa buibui zaidi ya milioni moja na kufuma kitambaa cha dhahabu kisichotiwa rangi, kilichoonyeshwa New York mwaka 2009. Buibui walirudishwa porini baada ya kuvutwa uzi. Nilipowaambia wanafunzi idadi hiyo, walitazama bobini yetu na kucheka.

Wiki ya tatu

Wiki hii tulijenga molekuli. Protini ya uzi huitwa spidroini, na uzi wa kujining'inizia wa jamii ya buibui wetu una aina mbili kuu, MaSp1 na MaSp2. Mfuatano wa kwanza ulisomwa na Ming Xu na Randolph Lewis mwaka 1990, kutoka kwa buibui wa dhahabu wa Amerika. Takribani asilimia 40 ya asidi amino zake ni glisini na asilimia 25 ni alanini, na mpangilio wake ni wa kurudiarudia kama kibwagizo: kipande cha alanini tupu, nne hadi tisa hivi mfululizo, kisha kipande kirefu zaidi kilichojaa glisini, kisha alanini tena, na hivyo hivyo mara mia na ushei. Mwanzoni na mwishoni pekee ndipo kuna sehemu zisizofuata kibwagizo, nazo nitazirudia baadaye.

Tuliamua kutumia ushanga mdogo wa milimita tatu, ule wa kushonea mikufu: mweusi kwa alanini, wa njano kwa glisini, mwekundu kwa prolini, mweupe kwa zilizobaki. Molekuli moja ina asidi amino zaidi ya 3,000, kwa hiyo mnyororo kamili ungekuwa na urefu wa mita kumi hivi. Wasichana watatu wa kidato cha pili walitunga mita moja na nusu kwa siku mbili, wakaniomba kwa adabu niridhike. Niliridhika. Tulipokokotoa kipimo cha mfano wetu, tulipata kwamba asidi amino moja katika mnyororo ulionyooka huchukua nanomita 0.35 hivi (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita), kwa hiyo ushanga wetu umeikuza mara milioni nane na nusu. Kwa kipimo hicho uzi wenyewe, ambao una kipenyo cha mikromita tano, ungekuwa na upana wa mita 43, yaani ungejaza upana wa kiwanja chetu cha mpira na kubaki.

Faida ya ushanga ilionekana tulipoilaza minyororo sita mezani kwa pamoja. Vipande vyeusi vinaponyooka na kulala sambamba, kila kimoja kinaweza kumshika jirani yake kwa bondi za haidrojeni, kati ya oksijeni ya huku na haidrojeni ya kule, kwa umbali unaojirudia wa nanomita 0.47 kati ya mnyororo na mnyororo. Mpangilio huo huitwa bapa la beta. Mabapa yakipandana, fuwele ndogo (kipande kigumu cha molekuli zilizojipanga) hutokea, yenye upande wa nanomita chache tu. Alanini inafaa kazi hiyo kwa sababu tawi lake ni dogo, kaboni moja na haidrojeni tatu, kwa hiyo mabapa hukaribiana bila kusukumana, na maji hayapati nafasi ya kupenya. Vipande vya njano navyo havikubali kutulia. Vilijikunja, vikavukana, vikaacha mianya, na kila tulipovinyoosha kwa rula vilirudi kwenye fujo yake. Tuliviacha hivyo, kwa kuwa ndivyo vilivyo hata ndani ya uzi.

Fundi mwashi anayejenga ukuta wa bwalo alipita, akatazama, akasema: "Mwalimu, hizo nyeusi ni nondo, na hizo njano ni zege." Nimeandika maneno yake kwa sababu ni mazuri na kwa sababu yanapotosha. Katika jengo, nondo hunyumbuka na zege ni gumu. Katika uzi ni kinyume chake, fuwele ndizo ngumu na kilichozizunguka ndicho laini. (Kwamba nondo ni chuma cha ujenzi na pia ni mdudu ambaye kiwavi wa jamii yake hutupatia hariri ya kawaida, ni sadfa iliyowafurahisha wanafunzi kwa dakika kumi nzima.)

Wiki ya nne

Ni wiki ya vipimo, na ya kosa letu kubwa.

Kipenyo cha uzi hatuwezi kukipima kwa rula, na hadubini yetu haina kipimo cha kuaminika kwa vitu vidogo kiasi hicho. Tulitumia leza nyekundu ya mwalimu wa jiografia, yenye mawimbi ya nanomita 650, katika chumba kilichozibwa madirisha kwa mablanketi. Uzi ukikatiza mwanga, mwanga hutawanyika pande mbili ukutani kwa mapigo ya mwanga na giza, na uzi unavyokuwa mwembamba ndivyo mapigo yanavyotanuka. Ukuta ulikuwa mita mbili kutoka kwenye uzi. Giza la kwanza lilikuwa sentimita 26 kutoka katikati. Ukizidisha urefu wa wimbi kwa mita mbili na kugawanya kwa sentimita 26, unapata mikromita tano.

Kwa mvutano tulitengeneza kikombe cha karatasi ya alumini cha nusu gramu, tukakitundika kwenye uzi wa sentimita kumi, na mwanafunzi mwenye mkono mtulivu akadondosha maji kwa sirinji, tone kwa tone, kila tone gramu 0.05. Tuliona uzi ukirefuka dhidi ya rula iliyosimamishwa nyuma yake: kidogo sana mwanzoni, kisha, baada ya matone machache, ukaanza kulegea na kurefuka haraka, kisha ukakaza tena. Tone la 70 liliukata. Gramu nne kamili, yaani mara tatu ya uzito wa buibui mwenyewe, na uzi ulikuwa umefika sentimita kumi na mbili na nusu.

Tukakokotoa: gigapaskali 2.0. Darasa lilipiga makofi. Nami nilifurahi kwa muda mfupi, nikalala na wasiwasi, kwa sababu namba hiyo ilikuwa karibu mara mbili ya ile niliyoitarajia, na mizani ya shule yetu haina sababu ya kuwashinda wote waliotutangulia. Tulirudia mara tano. Namba ilipanda na kushuka, lakini haikushuka chini ya 1.7.

Aliyegundua kosa ni yule yule aliyeuliza kuhusu aya. Alikuwa ameachiwa kazi ya kuchora mapigo ya leza kwenye karatasi ukutani, akaja na mchoro uliokuwa na mistari myembamba ndani ya kila pigo pana, mistari iliyopishana kwa sentimita mbili na nusu hivi. Alidhani karatasi ilikuwa na mikunjo. Haikuwa na mikunjo: mistari ya namna hiyo hutokea mwanga unapopita kwenye nyuzi mbili zilizo karibu. Uzi wa kujining'inizia hutoka kwenye jozi ya tezi, moja kila upande, kwa hiyo kila tulichokiita uzi kilikuwa nyuzi mbili zikienda pamoja, na kwenye fremu yetu ya kadibodi zilikuwa zimeachana kwa mikromita 50 hivi. Leza ilipima kipenyo cha uzi mmoja. Kikombe kilining'inia kwenye mbili. Eneo lilipaswa kuzidishwa kwa mbili, na mkazo kugawanywa kwa mbili: gigapaskali 1.0.

Nimeagiza kosa hilo lisifutwe kwenye daftari la klabu. Kwa kuhesabu miraba ya karatasi ya grafu chini ya mchirizi wa mkazo na mrefuko, tulipata ushupavu wa megajuli 130 hivi kwa mita ya ujazo. Kwa vifaa vyetu sitadai zaidi ya hapo. Kwa kulinganisha, nyuzi za mkonge, ambazo wazazi wengi wa wanafunzi hawa wamezisindika maisha yao yote, hunyumbuka asilimia mbili au tatu tu kabla ya kukatika.

Wiki ya tano

Mitihani ya nusu muhula. Hakuna kilichofanyika, isipokuwa kwamba mchwa walikula fremu mbili za kadibodi.

Wiki ya sita

Mchirizi wetu una sehemu tatu, na kila sehemu inazungumza juu ya molekuli. Mwanzo mkali ni bondi za haidrojeni zilizotawanyika katika vipande vya glisini, ambazo hushikilia fujo yake isikunjuke. Bondi hizo zikianza kuachia, vipande hukunjuka kimoja baada ya kingine na uzi hurefuka kwa urahisi. Hapo ndipo nishati nyingi hupotelea. Mwishowe minyororo imenyooka, na mzigo wote unaangukia fuwele. Kati ya nishati inayomezwa na uzi unaponyooshwa, takribani asilimia 65 hugeuka joto badala ya kurudishwa, na ndiyo maana mdudu akiuparamia utando harushwi nyuma kama mpira.

Lililowatatiza wanafunzi ni fuwele. Bondi ya haidrojeni ina kilojuli 20 hivi kwa moli, ilhali bondi ya kaboni na kaboni ina karibu 350. Inakuwaje kitu kilichoshikwa na bondi dhaifu kiasi hicho kibebe mzigo? Kwa hili tuliachana na ushanga tukamwendea fundi viatu, ambaye alitupa mabaki ya velkro. Tulibandika vipande viwili vya urefu wa kidole. Ukikibandua kwa kuanzia pembeni, kidole kimoja kinatosha, kwa sababu vindoano huachia safu kwa safu. Ukivivuta vipande hivyo kwa kuvitelezesha, kila kimoja upande wake, vindoano vyote vinagawana mzigo kwa wakati mmoja, na vipande vyetu vilibeba ndoo yenye lita tano za maji bila kuteleza. Fuwele za uzi huvutwa kwa namna hiyo ya pili.

Kisha tukajaribu kurefusha. Tulishona velkro kwenye utepe laini, mara nne ya urefu wa kwanza, tukitarajia nguvu mara nne. Utepe mrefu ulipinda mwishoni, ukaanza kubanduka kwa pembe, na ukaachia wote kwa mlio wa kuchanika. Mwaka 2010 Sinan Keten, Markus Buehler na wenzao wa MIT walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba fuwele za hariri hufanya vivyo hivyo: zikiwa ndogo, za nanomita tatu hivi, bondi chache za haidrojeni hushirikiana na fuwele huteleza, kukwama na kujishika upya; zikikua zaidi, hupinda na bondi zake huachia moja moja. Udogo wa fuwele, basi, ni sehemu ya nguvu yake. Sijawahi kuona darasa likikubali jambo la nanomita upesi hivyo, na nakiri kwamba mimi mwenyewe nililielewa vizuri pale utepe ulipochanika.

Wiki ya saba

Vuli imeanza, na vipimo vimeharibika. Uzi uliopimwa asubuhi, dari la maabara likitoa jasho, hurefuka mno na hulegea mapema. Uliopimwa saa tisa alasiri, jua likiwa limekausha hewa, hukaribia namba za wiki ya nne. Tulidhani buibui amebadilika, hadi tulipomlenga mtuhumiwa mwingine.

Tulitundika kikombe kitupu kwenye uzi mkavu, tukanyunyiza ukungu wa maji kwa chupa ya kupigia pasi. Kikombe kilipanda. Hakikuyumba wala kuruka. Kilipanda taratibu, milimita kwa milimita, kana kwamba kuna mtu juu anayevuta, hadi uzi ukapungua urefu na kuonekana mnene kidogo. Mwanafunzi mmoja alirudi nyuma hatua mbili. Tabia hii hutokea hewa inapofikia unyevu wa asilimia 70 hivi, na katika spishi nyingine uzi usioshikwa hupungua hadi nusu ya urefu wake.

Sababu yake imo katika ushanga wetu mwekundu. Prolini, iliyomo ndani ya MaSp2, ina umbo la pete linaloulazimisha mnyororo kupinda, na nyuzi zenye prolini nyingi hujikunyata zaidi. Wakati wa kuvutwa, minyororo ilinyooshwa na kukauka ikiwa imenyooka, ikishikwa na bondi za haidrojeni. Molekuli za maji huingia katika sehemu za glisini, huchukua nafasi ya bondi hizo, na minyororo iliyoachiwa hujikunja kama ilivyotaka tangu mwanzo. Fuwele za alanini maji hayazifungui, ndiyo maana uzi hauyeyuki. Tulipoukausha ukiwa bado na kikombe na kuunyoosha tena kwa uzito, ulirudi karibu na urefu wake.

Lililobaki ni swali la namna uzi unavyotengenezwa. Katika tezi, spidroini ni majimaji yenye protini asilimia 30 hadi 50, ambayo kwa kanuni za kawaida yangepaswa kuganda papo hapo. Kwenye mfereji mwembamba wa kutokea, pH (kipimo cha asidi, ambacho hushuka asidi inapoongezeka) hushuka kutoka karibu 7.6 hadi chini ya 6, chumvi hubadilishwa, na mtiririko huinyoosha minyororo. Hapo ndipo zile sehemu mbili zisizofuata kibwagizo hufanya kazi: sehemu ya mwanzo huungana na mwenzake asidi inapoongezeka, na ya mwisho hufunguka na kuwa mbegu ya mabapa ya beta. Tulikamulia ndimu kwenye maziwa ili tuone protini ikiganda kwa asidi, tukapata mabonge, maana maziwa hayakuwa na mfereji wa kuyapanga. Kevlar husokotwa kutoka kwenye asidi kali ya salfuriki. Buibui hutumia maji, kwa joto la mwembe wetu. Mwaka 2017 watafiti wa Sweden na wenzao waliunda kwa bakteria spidroini fupi yenye sehemu zote mbili za mwisho, wakaisukuma kutoka kwenye maji hadi kwenye bafa (majimaji yanayodumisha pH yake) yenye asidi, na uzi ukatokea, ingawa ushupavu wake ulikuwa chini ya ule wa buibui.

Ijumaa alasiri tulipima nyuzi sita za mwisho, hewa ikiwa kavu: wastani ni gigapaskali 0.97 kwa nyuzi mbili. Bobini iko ndani ya chupa iliyofungwa pamoja na mchele mkavu, na lebo yake imeandikwa kwa mkono wa mwenye mchoro wa leza: "Hizi ni mbili."